Filamu Isiyo na Haraka

Akina mama wenzetu, tuanze kwa kuungama jambo. Sisi wanawake wachache tunaoishi huku Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, tuna desturi ya kukutana Jumamosi jioni kwa sala na kwa mfuko wetu wa kusaidiana. Kwa muda mrefu, sala ilipokwisha tu, mazungumzo yaligeuka kuwa tamthilia. Nani kamfumania nani, yule mkwe mwenye roho mbaya kafanya nini jana. Ukikosa siku mbili hujakosa kitu, kwa sababu siku ya tatu wanarudia yale yale. Watoto nao chumba cha pili walikuwa kwenye sinema za mapigano zilizotafsiriwa, mtu anakufa kila dakika na hakuna anayemlilia.

Jioni moja mwenzetu mmoja akauliza: "Hivi ni lini mara ya mwisho mliangalia filamu, ikaisha, mkakaa kimya?" Tukatazamana. Aliyejibu ni bibi yetu, mkubwa kuliko wote kwa umri. Alisema yeye ni Mother India, ile ya mwaka 1957, aliyoiona mjini akiwa msichana. Kihindi hakujua hata neno, lakini alimjua yule mama anayevuta jembe shambani mwenyewe kwa kukosa ng'ombe, na alirudi nyumbani akilia. Siku zile, alisema, mtu alikwenda sinema amevaa nguo nzuri. Ulikuwapo hata uwanja wa sinema ya magari, uliofunguliwa mwaka 1966, watu wakitazama chini ya nyota. Televisheni Tanzania Bara ilikuja baadaye sana, mwaka 1994, na wengi wetu tumelelewa na hiyo.

Basi tukapatana: Jumamosi moja kwa mwezi, filamu moja, kwa yule mwenye sebule kubwa. Masharti yalikuwa matatu. Simu zinakaa kwenye kapu la sokoni. Chakula cha jioni kiwe kimepikwa tayari, pasiwe na mtu wa kukimbilia sufuria. Na hakuna kuuliza, "Huyu atakufa?"

Filamu ya kwanza ilikuwa Neria, ya Zimbabwe, iliyotoka mwaka 1993. Aliyeiongoza ni Godwin Mawuru, kutokana na hadithi ya mwandishi Tsitsi Dangarembga. Jesesi Mungoshi ndiye Neria, na marehemu Oliver Mtukudzi, yule mwanamuziki, anaigiza kaka yake na ndiye mwenye muziki wake. Mwanzoni hakuna kubwa linalotokea. Mume na mke wanachuma pamoja mjini, wana watoto, nyumba ina vyombo vyake. Mama mmoja alianza kupiga miayo. Kisha mume anafariki ghafla, na shemeji anaingia kwa jina la mila. Anachukua kitabu cha benki, anachukua vyombo, mwisho anawataka hata watoto.

Vyombo vilipokuwa vinatolewa nje, mwenzetu mmoja alisimama akatoka uani. Ni mjane. Tulisimamisha mkanda. (Tunasema bado "mkanda", ingawa siku hizi ni kitu kidogo kama ukucha kinachochomekwa kwenye runinga.) Hatukumfuata, tulimwacha apumue. Aliporudi alisema, "Rudisheni nyuma kidogo. Nataka kuona vile viti tena." Tukarudisha. Akasema, "Vyangu vilikuwa sita."

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini filamu ile haikuharakisha. Kama shemeji angeingia dakika ya tatu, tungeona mtu mbaya anaiba viti, basi. Lakini tulikuwa tumeishi katika nyumba ile. Tulikuwa tumeona nani anakaa wapi, na jinsi mume na mke walivyotazamana wakivipata walivyovipata. Kiti kilipotoka mlangoni, kilitoka kwenye nyumba tunayoijua.

Usiku ule hatukuzungumza tena juu ya waigizaji. Tulizungumza wosia. Kati yetu wanawake kumi na mmoja, waume waliokuwa wameandika wosia walikuwa wawili. Tulikumbushana kwamba wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, na kwamba mirathi nyingi za familia kama zetu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, si kwenye kikao cha ukoo chini ya mwembe. Wengine walikwenda nyumbani na maneno ya kumwambia baba watoto. Hatutayaandika hapa.

Lakini tusije tukawadanganya kwamba kila kilicho polepole ni kizuri. Zipo filamu zetu za nyumbani ambazo ni polepole kweli kweli. Gari linafika getini. Honi. Mlinzi anafungua. Gari linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, anabisha hodi. Dakika nne zimekwisha na hakuna tulichojifunza isipokuwa kwamba ana gari. Huo si utulivu, ni kujaza muda ili pawepo na Sehemu ya Pili. Kipimo chetu ni hiki: ile iliyotengenezwa vizuri, kitu ulichoonyeshwa mwanzo kitarudi. Shuka, baiskeli, neno alilolisema mama jikoni, utakutana nalo tena baadaye likiwa na uzito mwingine. Tunaipa filamu nusu saa. Ikiwa kwa nusu saa hatujamjua hata mtu mmoja kiasi cha kumwonea huruma, tunaizima bila kuona haya.

Iliyotugombanisha zaidi ilitoka mbali. Inaitwa Babette's Feast, ya Denmark, mwaka 1987, na ilipata tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Aliyetunga hadithi yake ni Karen Blixen, yule mama aliyekaa Kenya kwenye shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong tangu 1914 hadi 1931. Lugha ni Kidenishi na maandishi ya chini ni Kiingereza, hivyo binti wa mwenyeji wetu, aliyekuwa kidato cha nne, alikaa mbele akitusomea kwa Kiswahili. Alichoka sauti, tukampa chai ya tangawizi.

Kisa chenyewe ni dada wawili, mabinti wa mchungaji, wanaozeeka katika kijiji cha pwani wakilitunza kanisa dogo la baba yao. Anawafikia mwanamke mkimbizi kutoka Paris, Babette, anayewapikia miaka na miaka kwa malazi tu. Waumini wamezeeka na wamejaa kinyongo: huyu alimdhulumu yule, yule hajasahau. Siku moja Babette anashinda bahati nasibu faranga 10,000. Anaomba kitu kimoja tu, apike chakula cha kumbukumbu ya miaka mia ya kuzaliwa kwa marehemu mchungaji. Wazee wanaogopa vyakula vya kigeni, wanaapizana kwamba watakula lakini hawatasema neno juu ya chakula.

Kwa karibu saa nzima utaona samaki wakikaushwa, uji wa mkate, upepo. Vumilia, mama. Kisha meza inaandaliwa, na hatujapata kuona filamu nyingine inayotazama mikono ya mpishi kwa heshima namna ile. Hakuna anayehubiri. Ni nyuso tu zinazolegea kidogo kidogo, sahani baada ya sahani. Nani kati yetu hajawahi kupika siku nzima, watu wakala wakainuka bila hata ahsante?

Ubishi ulikuja mwisho, ilipojulikana kwamba fedha zote za Babette zimekwenda kwenye mlo ule mmoja. Mwenzetu mmoja alikasirika kabisa. Alisema huo ni ufujaji, angalau nusu angeweka akiba, mtu mzima anabaki mikono mitupu! Mwingine akamkumbusha yule mwanamke wa Injili aliyevunja chupa ya marhamu ya thamani, na nani walionung'unika. Walibishana mpaka umeme ukakatika, wakaendelea gizani. Hawajapatana hadi leo.

Kwa kutazama pamoja na watoto, tunawashauri Supa Modo ya Kenya, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ni fupi, kama saa moja na robo. Binti mdogo, Jo, anaumwa ugonjwa usiopona, na anapenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitali ili siku zilizobaki awe naye nyumbani. Dada mkubwa, Mwix, anaona kumfungia mtoto ndani akisubiri si kuishi, naye anawashawishi wanakijiji waigize kana kwamba Jo kweli ana nguvu hizo. Mama anapingana na mpango ule kwa sababu anataka kila dakika ya mwanawe, na huwezi kumlaumu. Wale waliowahi kuuguza mtoto watatuelewa tukisema: itazameni kwanza peke yenu. Watoto wetu walicheka sana, kisha mmoja wa miaka minane aliuliza swali gari zima lilipokuwa likirudi nyumbani, na baba yake alilazimika kusimama kando ya barabara ili amjibu.

Za kwetu nazo zipo. T-Junction ya Amil Shivji, ya mwaka 2017, ni ya Dar es Salaam yetu. Msichana Fatima amefiwa na baba ambaye hakumjua vizuri, na hospitalini anakutana na Maria, anayemsimulia kipande kwa kipande habari za watu wa njia panda. Fatima anarudi kusikiliza tena na tena, nasi pamoja naye. Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, ya mwongozaji huyo huyo kutokana na riwaya ya Adam Shafi, inapendeza sana kwa picha za Zanzibar ya siku za ukoloni, ila ina mapenzi ya watu wazima, basi watoto walale kwanza. Maangamizi ya mwaka 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilitugawa kwa sababu ya mambo ya mizimu, na wawili waliondoka. Waliobaki walimsikitikia yule mwanamke Samehe, aliyenyamaza miaka mingi kwa aliyoyaona utotoni.

Waume walitucheka mwanzoni. Sasa wawili huja na viti vyao, hukaa nyuma karibu na mlango, wakidai wamekuja kutusindikiza tu kwa ajili ya giza la njiani.

Mwezi ujao zamu ya kuchagua ni ya bibi. Tulidhani atataka Mother India. Amesema hapana, anamtaka tena yule mpishi wa Paris, maana mara ya kwanza alisinzia kidogo na hakuona ile supu ya kasa ilivyotiwa viungo.