Taa ya Mafuta ya Bei Nafuu: Mnunuzi Aangalie Nini

Umeme unapokatika saa mbili usiku, kinachotafutwa kwanza ni kiberiti. Katika nyumba nyingi za Tanzania, hata zile zenye mita ya LUKU ukutani, bado ipo taa ya mafuta juu ya kabati ikingoja zamu yake. Iliteremshwa katika mgawo wa mwaka 2006, ukame uliposhusha maji ya bwawa la Mtera, ikateremshwa tena mwaka 2011, na haijastaafu hadi leo. Basi mtu anapouliza ni taa ipi ya mafuta iliyo rahisi, hapaswi kubezwa. Anastahili jibu linalohesabu pamoja na bei ya dukani gharama inayolipwa na mapafu na ngozi.

Iliyo rahisi kuliko zote ni kibatari, ambacho wengine hukiita koroboi. Fundi bati huchukua kopo tupu, akalitia mrija mfupi, akapitisha utambi wa pamba, kazi ikaisha. Hakina kioo, na hapo ndipo penye kasoro yake. Mwali usio na kioo hupata hewa kwa kubahatisha. Sehemu ya mafuta hupanda hewani kabla haijaungua sawasawa, ikawa masizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima jambo hilo na kuona kwamba katika taa za utambi zisizo na kioo, asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayochomwa hugeuka chembe za kaboni nyeusi. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Mwanafunzi anayeinamia daftari kando ya kibatari, akaamka asubuhi na weusi puani, ameona kwa macho yake kile ambacho maabara ilikipima kwa mizani. Zaidi ya hayo, kibatari hakina kitako cha kukituliza: paka akipita tu, mafuta na moto vimemwagika pamoja.

Kwa hiyo taa ya mafuta ya bei ndogo kuliko zote ambayo inafaa kununuliwa ni chemni, ile ya kubeba kwa mkono ambayo wengine huiita fanusi au kandili. Kioo chake huvuta hewa kuelekea kwenye mwali, na mabomba mawili ya ubavuni huipeleka hewa hiyo chini ya utambi, ndiyo maana upepo wa mlangoni hauizimi. Taaluma ya tiba ina deni la zamani kwa taa za namna hii. Tarehe 31 Julai 1853, katika hospitali ya mji wa Lwów, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine, upasuaji wa dharura wa usiku ulifanyika kwa mwanga wa taa ya mafuta iliyobuniwa na mfamasia Ignacy Łukasiewicz.

Chemni iliyotumika hupatikana minadani kwa bei ya chini kuliko mpya, na si jambo la aibu kuinunua, mradi ikaguliwe. Ijaze maji tangini, ikaushe nje, uiweke juu ya gazeti hadi kesho yake. Gazeti likilowa, tangi limetoboka, na bei yoyote ni ghali. Likibaki kavu, mwaga maji na uiache taa juani hadi tangi likauke kabisa ndipo utie mafuta. Kioo chenye ufa kibadilishwe peke yake. Hakuna haja ya kutupa taa nzima. Utambi uwe wa upana unaojaza nafasi yake bila kubana, ukatwe ncha iwe sawa, na upandishwe kwa kiasi tu. Wengi huupandisha wakitafuta mwanga zaidi, wakapata moshi zaidi na kioo cheusi kinachozuia mwanga uleule.

Chemni ya kawaida huchoma takriban mililita 15 hadi 25 kwa saa. Umeme ukikatika saa nne kila usiku, lita moja inaweza kudumu siku kumi au zaidi. Mwenye kufanya hesabu hiyo kwa mwaka mzima huenda akaona kwamba taa ndogo ya sola ingekuwa nafuu kwake, na kiafya hakuna ubishi: tangu mwaka 2014 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haupendekezi mafuta ya taa kutumika majumbani. Chemni na iwe taa ya akiba, dirisha likiwa wazi kidogo, na isilaliwe ikiwaka. Isiwekwe kamwe ndani ya chandarua wala karibu nacho.

Mafuta nayo yana hadithi yake. Serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, lengo lilikuwa kuwakata mikono wachakachuaji waliokuwa wakiyachanganya katika dizeli. Lakini hatari kubwa kwa mwenye taa ni uchafuzi wa aina nyingine, yaani petroli kuingia katika mafuta ya taa, pengine kwa sababu tu dumu halikusafishwa. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafikie takriban nyuzi joto 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali ya kugandisha maji. Kiasi kidogo cha petroli chaweza kuigeuza taa kuwa bomu. Nunua kituoni, kwa chombo chako ambacho hakijawahi kubeba petroli, na usiongeze mafuta taa ikiwa inawaka au ingali ya moto.

Chombo hicho kisiwe chupa ya soda wala ya maji. Mtoto mwenye kiu haulizi; huona chupa akanywa. Mafuta ya taa ni mepesi mno, na madhara yake makubwa hayatokei tumboni bali mapafuni, yanapopaliwa. Kwa sababu hiyo mtoto aliyeyanywa asitapishwe, na asipewe maziwa wala mafuta ya kula kwa nia ya kumtapisha, kwani kila tapiko ni nafasi nyingine ya mafuta kuingia katika njia ya hewa. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi kwa sabuni, apelekwe kituo cha afya mara moja hata kama anacheza, kwa kuwa kikohozi, kupumua haraka na homa vyaweza kuja saa kadhaa baadaye. Chupa yenyewe ichukuliwe pia, mganga aione.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zikivuliwa kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, yai, asali na barafu viachwe jikoni. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, na mwili uliobaki ufunikwe ili asipatwe na baridi njiani. Kuungua usoni, mikononi, sehemu za siri au penye viungo ni kwa hospitali, hata eneo likiwa dogo.