Jogoo Anayefugwa kwa Manyoya

Tukichinja jogoo nyumbani, nyama tunakula na manyoya tunayatupa jalalani. Basi, ndugu msomaji, katika jimbo la León, kaskazini ya Hispania, mambo ni kinyume. Huko kuna bonde la mto Curueño, penye kijiji cha La Vecilla. Wakulima wa huko wanafuga majogoo ya kienyeji, na wanachotaka kwanza si nyama. Wanataka manyoya.

Manyoya hayo ni ya kuvulia samaki aitwaye trauti. Trauti anaishi katika mito ya maji baridi, na anapenda kula wadudu wadogo wanaoelea juu ya maji. Mvuvi akimtunga mdudu mwenyewe kwenye ndoano, mdudu anapasuka, maana ni mwororo mno. Kwa hiyo wavuvi wanatengeneza mdudu wa bandia. Wanachukua ndoano ndogo, wanaizungushia uzi uwe mwili wa mdudu, kisha wanafunga unyoya. Trauti akiona, anadhani chakula kimefika.

Utauliza: kwa nini jogoo, kwa nini si mtetea? Jaribu mwenyewe. Chukua unyoya wa shingo ya jogoo na wa shingo ya mtetea, uutie kila mmoja majini. Nyuzi za unyoya wa jogoo ni ngumu, zinang'aa, hazilowi upesi. Ukiuzungusha kwenye ndoano zinasimama kama miguu ya mdudu, na ndoano inaelea. Unyoya wa mtetea ni laini, unalowa na kuzama. Nao una kazi yake, kwa kutengeneza wadudu wa chini ya maji.

Majogoo ya León ni ya aina mbili. Indio ana manyoya ya rangi moja, kama kijivu. Pardo ana madoadoa ya kahawia. Kazi hii ni ya zamani sana. Kiliandikwa kitabu cha mkono mwaka 1624, kinachojulikana kwa jina la mji wa Astorga, kinachoeleza jinsi ya kufunga ndoano hizo.

Jogoo mzuri hachinjwi. Anakamatwa, ananyonyolewa kwa mkono manyoya ya mgongoni na ubavuni, halafu anaachwa yaote mengine. Manyoya yanafungwa mafungu ya 12. Je, haumii? Anaumia, tusidanganyane. Marekani wao wanamchinja, wanauza ngozi pamoja na manyoya yake. Mwaka 2011 wanawake wa huko walianza kuyafunga manyoya hayo kwenye nywele kwa urembo. Bei ikapanda mno, na wavuvi wakayakosa madukani!

Wenyeji wa León wanasema jogoo wao akihamishwa bondeni, manyoya yanapoteza mng'ao. Wanasema ni maji na udongo wa kwao. Huenda, lakini mimi naona kuchagua mbegu kuna sehemu kubwa: baba na babu wamekuwa wakichagua jogoo wa kuzalisha kwa kutazama manyoya. Wafugaji wakiacha, mbegu hiyo itachanganyika na kuku wengine, na kuirudisha ni kazi ngumu.

Jirani zetu wa Kenya wanaijua kazi hii. Trauti aliletwa katika mito ya milima yao mwaka 1905. Wapo wanawake na wanaume huko wanaofunga ndoano za manyoya kwa mikono yao, na ndoano hizo huuzwa Ulaya na Marekani.