"Babu, Kaa Tu!" Tunakosea

Je, babu yako akiamka magoti yanakakamaa? Mtaani watasema baridi imemwingia. Kumbe kwa wazee, mara nyingi gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye maungio, limelika.

Karne ya 19 Wanyamwezi wa hapa Tabora walibeba mizigo kwa miguu hadi Bagamoyo. Leo sisi wajukuu tunamwambia mzee, "Babu, kaa tu!" Asipotembea misuli hulegea, maumivu huzidi, na upweke juu. Msindikize polepole hadi chini ya mwembe wanapochezea bao. Miguu inafanya kazi, vidole pia, na stori anapata.

Ila vidonge vya maumivu asinywe ovyo. Huweza kudhuru tumbo na figo. Goti likivimba na kuwa la moto, mpeleke hospitali.