Kindu: Piesi ya pikipiki "orijino" si lazima iwe nzuri, na ya bei nafuu si lazima iwe mbaya

KINDU – Katika komine ya Mikelenge, pikipiki ndiyo basi, ndiyo taksi, ndiyo kamyo ya mizigo midogo, na usiku mara nyingi ndiyo ambulansi. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali, mwanafunzi aliyechelewa mtihani, mfanyabiashara anayewahi soko na gunia lake la mchele: wote wanakaa nyuma ya motari. Maisha yao yanategemea freni, shene na ruleman ambazo wao hawazioni na ambazo hawakuzichagua.

Aliyezichagua ni motari au mwenye pikipiki, akiwa amesimama mbele ya butiki na pesa chache mkononi. Hapo anaulizwa swali moja: unataka orijino au unataka ya kawaida? Orijino ina kartoni yenye jina la kiwanda kilichotengeneza pikipiki, na bei yake iko juu. Ya kawaida ina jina lisilojulikana, na bei yake iko chini. Wengi wanaondoka pale wakiamini kwamba wamechagua kati ya ubora na unafuu. Mara nyingi sivyo mambo yalivyo, na mimi nililijua hilo kwa kuanguka.

Kartoni iliyonidanganya

Mwaka jana nilibadilisha freni za nyuma za pikipiki yangu. Nililipa bei ya juu kwa sababu kartoni ilikuwa na jina la kiwanda, rangi zake zote na karatasi ya kung'aa. Hazikufika wiki nne. Asubuhi moja baada ya mvua, nikishuka kuelekea mtoni, nilikanyaga freni na gurudumu la nyuma likakwama ghafla. Pikipiki ililala upande mmoja na mimi upande mwingine. Nashukuru Mungu, siku ile sikuwa nimebeba mtu.

Fundi alipofungua gurudumu, aliona kwamba ile ngozi ya freni, sehemu inayosugua ndani ya ngoma, ilikuwa imebanduka kutoka kwenye chuma chake na kujikunja. Gundi ilikuwa hafifu. Aliniwekea freni nyingine zenye jina la kampuni ambayo haitengenezi pikipiki hata moja. Bei yake ilikuwa chini ya ile niliyolipa mwanzo. Mpaka leo, miezi saba imepita na zinafanya kazi.

Basi aliyenidanganya alikuwa "orijino", na aliyeniokoa alikuwa "ya kawaida".

Aina ni nne, si mbili

Ili kuelewa, ni lazima tujue pikipiki inavyotengenezwa. Barabara za miji ya Kongo zimejaa pikipiki za Bajaj na TVS kutoka India, pamoja na Haojue na nyingine kutoka China. Kampuni hizo hazitengenezi kila kipande zenyewe. Buji, mipira ya magurudumu, ruleman, shene, taa: vingi vyao vinanunuliwa kwa viwanda vingine ambavyo kazi yao ni hiyo tu.

Kwa hiyo sokoni kuna aina nne za piesi. Ya kwanza ni ile inayouzwa na kampuni ya pikipiki katika kartoni yake yenyewe. Ya pili inatoka kwa mtengenezaji mwenye ujuzi wa kipande hicho, kwa jina lake mwenyewe. NGK ya Japani, kwa mfano, inauzia viwanda vya pikipiki buji, na inaziuza pia madukani kwa jina la NGK. Katika aina hii unaweza kupata ubora uleule bila kulipia jina la pikipiki.

Ya tatu inatoka kwa kampuni huru, ambayo inapima kipande, inakitengeneza upya na kukiuza kwa jina lake. Humo mna wazuri, mna wa katikati, mna wabaya kabisa. Lakini wote wana jambo moja jema: wanasema wao ni nani. Kazi yao ikiwa mbaya, jina lao linaharibika sokoni.

Ya nne ni ile iliyoiba jina. Imetengenezwa na mtu asiyejulikana na kuwekwa katika kartoni ya mwingine. Ikivunjika, hakuna wa kumlalamikia. Kiwanda chenye jina kitasema si yake, na kitakuwa kinasema kweli. Aina hii ndiyo hatari kuliko zote, na inajificha upande wa orijino, kwa sababu hakuna mtu anayepoteza wakati kuiga jina lisilojulikana.

Hata Honda ilinunua kwa waigaji

Mwishoni mwa miaka ya 1990, viwanda vya China vilikuwa vikitengeneza kwa wingi pikipiki na piesi za kuiga mifano ya Honda ya Japani, kwa bei ndogo sana. Mwaka 2001, badala ya kupigana tu, Honda iliungana na kampuni moja ya huko na kuanzisha Sundiro Honda. Mwaka uliofuata ilitoa Vietnam pikipiki ya bei nafuu, Wave Alpha, ambayo ilitumia pia piesi za bei ndogo kutoka China, baada ya kuzipima na kuzikubali.

Kumbe kilichotenganisha piesi nzuri na mbaya hakikuwa nchi wala jina la mwenye kiwanda. Kilikuwa kipimo: nani ameikagua, na nani anaijibia.

Soma namba kabla ya kusoma kartoni

Kuna piesi ambazo haziitaji hata jina la pikipiki. Chukua ruleman. Pikipiki nyingi ndogo zinatumia katika magurudumu ruleman yenye namba 6301. Namba hiyo ni ya dunia nzima: tundu la ndani milimita 12, upana wa nje milimita 37, unene milimita 12, iwe imetoka Sweden, Japani, India au China. Kinachobadilika ni ubora wa chuma na ufungaji wake. Ikiandikwa 2RS, ina vifuniko vya mpira pande zote mbili. Ikiandikwa ZZ, vifuniko ni vya bati. Isipoandikwa chochote, kwa kawaida iko wazi. Kwa matope na vumbi la barabara zetu, yenye vifuniko vya mpira ndiyo inayostahimili. Lakini majina makubwa ya ruleman pia yanaibwa. SKF ya Sweden imefikia hatua ya kutoa programu ya simu inayomsaidia mnunuzi kupiga picha na kuuliza kama ruleman ni ya kweli.

Shene nayo ina namba. Nyingi za pikipiki hizi ni 428, maana yake kutoka pini moja mpaka inayofuata ni milimita 12,7. Ukiivuta ikanyooka na kuhesabu hatua 20, shene mpya inatoa milimita 254. Ikifika karibu 259, imekwisha, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Mtu yeyote mwenye rula anaweza kupima hivyo mlangoni pa butiki na tena baada ya mwezi mmoja. Shene inayorefuka haraka ni ya chuma kibaya, haidhuru imeandikwa nini. Na ikibadilishwa, ibadilishwe pamoja na magurudumu yake mawili ya meno, kwa sababu meno yaliyokwisha yanaila shene mpya.

Kwenye mipira ya magurudumu, tafuta ubavuni tarakimu nne za tarehe. Mipira mingi inazo: 1823 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2023. Mpira uliokaa miaka mingi juani unapasuka, hata kama haujawahi kugusa barabara na hata kama ni orijino.

Mafuta ya mota pia yana alama. Katika pikipiki nyingi, ambreyaji inaoga katika mafuta yaleyale ya mota. Kwa hiyo chupa iwe na maandishi JASO MA, kipimo cha Wajapani kwa mafuta ya pikipiki. Baadhi ya mafuta ya gari yanaifanya ambreyaji iteleze. Na kifuniko kilichowahi kufunguliwa hakifai, kwa sababu chupa tupu nzuri ina bei yake kwa wanaojaza upya.

Safari ndefu inafungua milango

Kindu iko mbali na bahari zote. Mzigo unaopita Dar es Salaam unaweza kupanda reli mpaka Kigoma, kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha kufuata reli ya SNCC kupitia Kabalo na Kongolo mpaka hapa. Njia nyingine ni mto kutoka upande wa Kisangani kupitia Ubundu, au barabara zinazokatika wakati wa mvua, au ndege. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, vita vilivyofikisha M23 katika miji ya Goma na Bukavu, na kufungwa kwa uwanja wa ndege wa Goma, vimevuruga biashara ya mashariki yote.

Njia ndefu namna hiyo ina mikono mingi, na kila mkono unataka faida. Piesi inapofika Mikelenge, mwenye butiki mara nyingi hajui aliyeitengeneza. Anajua tu aliyemuuzia. Si haki kumwita kila muuzaji mwizi. Wengi wao wamedanganywa kabla yetu. Lakini bidhaa zinapokuwa chache na pikipiki iko chini, mtu ananunua kilichopo, na hapo ndipo aliyeiba jina anapopata soko.

Hesabu ya motari

Motari wengi hawana pikipiki yao. Kila siku au kila wiki kuna pesa ya kumpelekea mwenye mali, imeingia au haikuingia. Kadiri ya mapatano yao, matengenezo madogo yanaweza kumwangukia motari. Basi anachagua kinachomwezesha kufanya kazi leo, na mwezi ujao atajua yenyewe.

Tufanye mfano wa hesabu tu, si bei za soko. Shene ya franka 20.000 inadumu miezi 3. Nyingine ya franka 45.000 inadumu miezi 9. Katika miezi hiyo 9, ile ya bei rahisi imekula franka 60.000, imeharibu magurudumu ya meno na imemkalisha motari garajeni mara 3 bila kipato. Motari anaijua hesabu hii vizuri. Kinachomshinda ni kupata 45.000 kwa siku moja.

Na kuna hesabu isiyo ya pesa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (OMS) ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1,19 kila mwaka duniani. Katika kila 100 wanaokufa, 21 walikuwa juu ya chombo cha mota cha magurudumu 2 au 3.

Wapi usibane pesa

Si kila piesi inastahili bei ya juu. Vioo, kiti, vifuniko vya taa, mabawa ya matope: ukinunua vya bei ndogo na vikavunjika, utakasirika lakini utafika nyumbani. Freni, mipira ya magurudumu, ruleman na shene ni jambo jingine, kwa sababu vikikosea vinamwangusha mtu. Ikiwa pesa ni kidogo, ianze huko.

Kabla ya kulipa, linganisha piesi mpya na ile ya zamani, uzito na unene. Angalia kama maandishi yamechorwa ndani ya chuma au yamebandikwa tu, na kama jina halikukosewa hata herufi moja. Omba fakture yenye jina la piesi na la butiki. Muuzaji anayekataa kuandika tayari amekujibu. Na baada ya kufunga freni mpya, fuatilia kile kimshale kilicho kwenye mkono wa freni ya ngoma: pikipiki nyingi zinacho, na kikifika kwenye alama yake, freni imekwisha.

Sheria iko, likelemba pia iko

Kongo haikosi sheria. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti (OCC), yenye kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia, iliundwa mwaka 1974. Sheria ya mali ya viwanda ya tarehe 7 Januari 1982 inaadhibu wanaoiga alama za wengine. Kenya ilipitisha mwaka 2008 sheria ya pekee dhidi ya bidhaa bandia na kuunda shirika la kuitekeleza. Sisi pia ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na bandari zinazotulisha ni zilezile. Ukaguzi unaofanyika duane ni bora kuliko ule unaofanyika chumba cha upasuaji.

Lakini motari wa Mikelenge hawezi kungoja duane. Anachoweza ni kile ambacho mama zetu wamefanya sokoni siku zote: likelemba. Wamotari 10 wa kituo kimoja, wakiweka kila mmoja kidogo kila wiki, wanaweza kumnunulia mwenzao mmoja kwa zamu shene kamili na freni zenye jina la kujibiwa, kwa muuzaji mmoja wanayemjua na aliyewaandikia fakture. Muuzaji mwenye wateja 10 wanaorudi pamoja, au wanaoondoka pamoja, atauliza yeye mwenyewe kwa aliyemletea mzigo: hii imetengenezwa na nani?