Hema Lenye Siku ya Kurudi: Usiku Mbili na Watoto Wetu Juu ya Kilima cha Idjwi



Wengi wenu mmetuuliza, sokoni na kwenye likelemba, kama ni kweli wamama wa ushirika walipeleka watoto kulala porini. Ni kweli. Tulikuwa wamama 9 na watoto 21. Tulilala usiku mbili ndani ya mahema juu ya kilima cha Idjwi, mwanzoni mwa vakansi kubwa, na wote tulirudi Bukavu wazima. Wiki hii tunawaeleza namna tulivyojitayarisha, makosa tuliyofanya, na kwa nini mama mmoja kati yetu alikataa kabisa kuingia ndani ya hema.

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu hapa Kivu, ukitaja hema au shitingi, mtu hafikirii mapumziko. Anafikiria kukimbia. Wako watoto wa ushirika wetu waliozaliwa kambini. Wengine walibebwa mgongoni Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika moto tarehe 22, na siku chache baadaye watu wa mitaa mingi ya Goma wakaambiwa waondoke. Wengine walikimbia risasi, tena si mara moja. Ndiyo maana wazo hili lilipotolewa mkutanoni, nusu ya wamama walinyamaza. Mmoja akauliza: "Tutoe pesa yetu ili tulale tena chini ya shitingi?" Hakuna aliyecheka.

Mama aliyeleta wazo alitueleza habari ya mwana wake. Mtoto huyo, akiona bashi hata ya kufunika kibanda cha muuza chumvi, huenda nyumbani na kuanza kufunga vitu vyake ndani ya mfuko. Hakuna aliyemwambia afunge, anafunga tu. Mama yake aliwaza hivi: pengine mtoto anapaswa kuona hema kwa njia nyingine, mara moja tu, akiwa ameshiba na mama yake yuko karibu. Tulijadiliana kwa mikutano miwili. Mwisho tukasema anayetaka aende, asiyetaka asilazimishwe, na asisemwe vibaya. Kwa wiki sita kila mama aliyekubali akaweka kidogo kidogo pembeni.

Kwa nini Idjwi

Tulichagua Idjwi kwa sababu ni karibu na ni kimya. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Kivu. Ni vilima tupu, na juu yake kuna migomba, kahawa na mananasi ambayo sote tunayajua kwa utamu wake. Vita vilipopita huku na huku ya ziwa, mara nyingi kisiwa hiki kilibaki pembeni. Ziwani hakuna mamba. Tena mtu halali Idjwi kwa bahati mbaya: lazima upande boti, na kupanda boti ni kuamua.

Mahali petu hapakuwa pa watalii. Wenye pesa wanajua mahema ya Tchegera, kile kisiwa kidogo cha Hifadhi ya Virunga karibu na Goma, palipokuwa na vitanda na maji ya moto. Sisi tulipata shamba lililopumzishwa, mali ya mzee mmoja, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka ufukweni. Hakukuwa na choo, bomba wala taa. Palikuwa na majani, upepo, na chemchemi huko chini bondeni.

Kabla ya yote, wawili wetu walitangulia wiki moja mbele. Walionana na shefu wa kijiji, wakamwambia sisi ni nani, tuko wangapi, tutakaa siku ngapi. Wakauliza habari za usalama. Wamama, msiruke hatua hii. Kundi la wageni likifunga mahema kilimani bila kuaga, kijiji hakitalala usingizi, nanyi hamtalala. Shefu alitupa kijana wa kutusindikiza, na wamama wa kijiji walituletea mananasi kabla hatujamaliza kufungua mizigo.

Mahali pa kufunga hema

Tulikuwa na mahema matano: matatu ya kuazima kwa vijana wa parokia, na mawili tuliyotengeneza wenyewe kwa bashi, kamba na miti. Kijana wa kijiji alitufundisha mengi, na mengine tulijifunza kwa kukosea.

Usifunge hema chini kabisa ya mteremko, hata kama pale ni sawa kama meza. Mvua ikija, maji yote ya kilima yatapita ndani. Tafuta bega la kilima, mahali palipoinuka kidogo, kisha chimba mfereji mdogo kuzunguka hema.

Usifunge chini ya mikaliptusi. Matawi yake huvunjika na kuanguka hata siku isiyo na upepo mkali.

Mlango utazame upande usiotoka upepo. Na vigingi visipigwe wima. Vipigwe kwa kulala kidogo, kichwa kikitazama mbali na hema. Sisi vya bashi moja tulivipiga wima. Usiku wa kwanza, upepo wa ziwa ulikuja kama saa nne, ukaing'oa bashi ile nzima, ukaitupa kwenye migomba. Watoto watano walibaki wametazama nyota. Walicheka mpaka wakapaliwa. Sisi wamama hatukucheka sana, kwa sababu tulikuwa tunakimbiza bashi gizani.

Na kwa ninyi dada zetu wa upande wa kaskazini, kuanzia Goma kuelekea Sake, kuna jambo moja kubwa zaidi: mazuku. Mnalijua neno, lakini watoto huenda hawalijui. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini penye mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukusanyika ndani ya mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mapema kukiwa hakuna upepo. Haionekani. Mbuzi anaingia, anaanguka. Mtoto anamfuata mbuzi, naye anaanguka. Huko, hema halifungwi kamwe ndani ya shimo, na mtoto hatumwi kuni peke yake mahali pasipojulikana.

Maji, choo na moto

Maji ya ziwa ni mazuri machoni, lakini kolera hatuioni kwa macho. Tuliteka kwenye chemchemi, na hata yale ya chemchemi tuliyachemsha mpaka yakatokota vizuri kabla ya kunywa. Bidoni za maji ya kunywa zilifungwa kitambaa chekundu, ili mtoto asichanganye na za kuoshea.

Choo tulichimba siku ya kwanza, kabla ya kupika. Kilikuwa shimo upande wa chini wa kambi, zaidi ya hatua mia moja kutoka chemchemi, na chemchemi haikuwa chini yake. Tulizungushia vikwembe vya zamani. Kando tuliweka jivu, kopo la maji na sabuni. Siku ya kuondoka tulifukia shimo na kurudishia majani juu. Takataka zote za plastiki zilirudi nasi Bukavu ndani ya mfuko.

Kuni za Idjwi ni chache, maana watu ni wengi na msitu ni mdogo. Hatukukata hata mti mmoja. Tulikuja na makala yetu na mbabula mbili, na kuni za moto wa jioni tulinunua kwa wamama wa kijiji. Tulipika maharagi, sombe na bugali, na asubuhi ya pili wavuvi walituuzia sambaza wabichi.

Sasa sikilizeni vizuri. Usiku kilimani kuna baridi. Ziwa lenyewe liko kwenye urefu wa mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na sisi tulikuwa juu yake. Karibu saa sita za usiku, mama mmoja mwenye mtoto mchanga alichukua mbabula yenye makaa mekundu, akataka kuiingiza ndani ya hema na kufunga mlango. Tulimzuia akiwa tayari ameinama mlangoni. Alikasirika, akasema makaa hayana moshi. Ni kweli, hayana moshi, na hatari iko hapo hapo. Makala yakiwaka mahali palipofungwa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia usingizi, kichwa kinamuuma kidogo, analala, haamki. Ni hivyo hivyo ndani ya nyumba zetu wakati wa mvua. Mbabula ibaki nje, wamama. Baridi inashindwa kwa njia nyingine: majani makavu mengi chini ya mkeka, maana baridi nyingi inatoka ardhini, soksi na kofia kwa watoto, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ndani ya kitambaa. Mtoto yule mchanga alilala katikati ya watu wazima wawili na hakulia mpaka asubuhi.

Ziwani tuliweka sharti moja: mtoto haingii majini bila mama wawili, mmoja ndani ya maji na mmoja ukingoni. Ziwa Kivu lina kina kirefu sana, na pembeni mwa visiwa mara nyingi unapiga hatua chache tu, unakosa pa kukanyaga.

Mama aliyekaa nje

Mama huyu alikuwa ametoka upande wa Masisi miaka iliyopita. Alikuja Idjwi kwa ajili ya watoto wake wawili, akapika, akachota maji, akafunga mahema pamoja nasi. Na kwa kufunga hema alitushinda wote, mikono yake ilijua. Lakini giza lilipoingia, akaketi karibu na moto na kikwembe chake mabegani. Tulimwita. Akasema: "Ninyi mulale. Mimi nitakaa hapa." Hatukumsukuma. Tulifanya zamu, kila mara mmoja wetu akakaa naye, tukiongeza kuni.

Chini yetu ziwa lilikuwa limejaa taa. Ni mitumbwi ya sambaza, ile inayofungwa mitatu mitatu, na wavuvi walikuwa wanaimba huku wakipiga makasia. Sauti ilipanda mpaka kwetu. Mtoto mmoja ambaye hakupata usingizi akauliza kwa nini wanavua usiku. Yule mama ndiye aliyemjibu: samaki wanafuata taa, na mbalamwezi ikiwa nzima hawavui, kwa sababu mwanga unakuwa kila mahali na samaki hawakusanyiki. Mtoto akauliza tena: "Na sisi tutarudi siku gani?" Mama akasema: "Siku ya Tatu, asubuhi." Akanyamaza. Baadaye alimwambia aliyekuwa zamu naye: "Unajua, kule hakuna mtoto aliyeniuliza hivyo. Na angeniuliza, ningemjibu nini?"

Usiku wa pili aliingia ndani ya hema. Hakutangaza. Alichukua mkeka wake, akaweka karibu na mlango, akaacha mlango wazi kidogo, akalala. Asubuhi tulimuuliza kama alilala. Akasema: "Kidogo. Lakini hema hili lina siku ya kurudi."

Na yule mtoto wa kufunga vitu? Hatutaki kuwadanganya. Usiku wa kwanza alilala na mfuko wake kifuani. Usiku wa pili aliutoa nguo zote, akaweka ndani mawe mazuri ya ufukweni. Mama yake anasema tangu hapo amefunga vitu mara moja. Zamani ilikuwa kila wiki. Hatusemi hema ni dawa. Tunasema alicheka bashi iliporuka, na kabla ya hapo hatukuwahi kumwona akicheka bashi.

Kabla ya mwisho wa vakansi

Tunataka kurudi kabla shule hazijafunguliwa, wakati kiangazi bado kipo. Mahema ni matano tu, kwa hiyo hatutapita watu 30. Anayetaka aje kwenye mkutano wa Jumamosi aandikishe jina. Kila mama alete mkeka, sahani, kikombe, nguo za baridi, tochi, na dawa za watoto wake kama wanazo. Tutaanza kuweka pesa wiki hii, kidogo kidogo kama mara ya kwanza. Usalama tutauuliza upya kwa shefu, na kama jibu si zuri, hatutaenda. Tutarudishiana pesa zetu bila manung'uniko.

Na wewe mama ambaye hutaki kusikia habari za hema, tunakuelewa. Njoo tu tuagane ufukweni. Yule mama wa Masisi amesema mara hii yeye ndiye atakayefundisha kupiga vigingi, na kwamba kila kigingi atakikagua mwenyewe.