Kizibao cha Betri na Baridi ya Dunguni

Jamaa zangu wa Mombasa nikiwaambia huku Minnesota kuna nguo za betri, hucheka. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na baridi tunayoijua ni ya kusi tu. Huku msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ni Novemba, nawe wakaa saa nyingi kwenye dungu juu ya mti bila kutikisika. Mwili uliotulia hautoi joto la kutosha.

Kizibao hiki kina nyaya nyembamba kifuani na mgongoni, na betri huzipasha moto. Kivae juu ya fulana ya sufu, chini ya koti. Ukikivaa nje, wapasha moto msitu. Tena sheria yataka nguo ya nje iwe ya rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa.

Mwaka wangu wa kwanza nilikiwasha tangu garini. Nikafika dunguni fulana ya pamba imelowa jasho. Betri ikazima kabla ya adhuhuri, maana baridi hupunguza nguvu za betri za lithiamu. Vidole vikafa ganzi, sikihisi kifyatulio, na hapo bunduki ni hatari kwako na kwa mwenzako. Nilitia mikono kwapani mpaka ikapata uhai, nikatoa risasi, nikashuka.

Sasa natembea koti wazi, kizibao kimezimwa. Nakiwasha nikishakaa, kwa moto mdogo. Betri ya akiba hukaa mfuko wa ndani, na siichaji ikiwa imeganda. Sweta nzito la sufu pia nabeba, betri zote zikikataa.