Ukumbi wa Mhadhara Ndani ya Simu

Mhadhara kwa njia ya video ni somo la chuo kikuu linalotolewa mubashara mtandaoni: mhadhiri yuko mahali pamoja, wanafunzi wametawanyika, na wote wanasikilizana kupitia programu kama Zoom, Google Meet au Microsoft Teams. Kinachoutofautisha hasa na somo lililorekodiwa ni jambo moja: mwanafunzi anaweza kumkatiza mhadhiri na kuuliza.

Kufundisha kwa mbali si jambo geni Afrika Mashariki. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, na mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, mradi uliorusha mihadhara kwa setelaiti na ambao baadaye ulihamishia makao yake Nairobi. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam, intaneti ikaongezeka kasi. Hata hivyo, wahadhiri wengi walijifunza kuwasha kamera Machi 2020, Kenya na Tanzania zilipofunga vyuo kwa sababu ya UVIKO-19. Vya Tanzania vilifunguliwa tena Juni 1. Vya Kenya vilikaa vimefungwa muda mrefu zaidi.

Faida ya kwanza ni umbali. Mwalimu aliyeajiriwa Kigoma husoma shahada ya pili bila kuacha kazi, na mtaalamu aliye nje ya nchi hufundisha kipindi kimoja bila tiketi ya ndege. Katika darasa la mamia ya watu, aliyezoea kusimama dirishani sasa anasoma slaidi bila kukodoa macho, na mwenye haya huandika swali lake badala ya kusimama mbele za wenzake. Somo likirekodiwa, hurudiwa. Kwa Tanzania hili lina uzito wa pekee, kwani wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na chuoni hukutana na mhadhara wa Kiingereza unaokimbia.

Hasara huanza kwenye bando. Video inayopokelewa kwa kilobiti 600 kwa sekunde hula takriban megabaiti 270 kwa saa. Mwenye saa 15 za masomo kwa wiki hutumia karibu gigabaiti 4. Sauti peke yake, kwa kilobiti 80, haizidi megabaiti 36 kwa saa. Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Chuo kilikuwa kikitoa ukumbi, viti na taa. Sasa mwanafunzi ndiye anayetoa chumba, umeme, kifaa na mtandao, na chumba chenyewe huenda analala humo na wadogo zake watatu.

Kwa kubana bando, kamera huzimwa. Mhadhiri hubaki akizungumza na visanduku vyeusi vyenye majina, asijue nani amepotea njiani tangu mlinganyo wa kwanza. Jina kuonekana kwenye orodha, kwa kweli, hakuthibitishi kwamba mwenyewe hayuko jikoni. Na kamera zikiwashwa huja uchovu. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mwaka 2021 kwamba kutazamwa kwa karibu mfululizo, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa bila kujongea na kulazimika kusoma ishara za mwili kwenye skrini huichosha akili. Tena maabara na wodi za hospitali za kufundishia hazihamishiki mtandaoni kabisa.

Kwa hiyo video ya mubashara haifai kila somo kwa kiwango kimoja. Mhadhara ambao mtu mmoja husema kwa saa mbili na hakuna anayeuliza ndio unaomaliza bando bure. Heri urekodiwe, upakuliwe usiku kwa bando la bei nafuu, na muda wa mubashara ubaki kwa maswali. Semina ya watu kumi hufaidika zaidi, mradi mtandao usikatike.

Video inapolipa kuliko popote ni katika usimamizi wa tasnifu, ingawa hili hutajwa kwa nadra. Zamani mwanafunzi wa Mwanza alipanda basi zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam ili akae na msimamizi wake nusu saa, sura ya tatu ikiwa mkononi. Sasa wawili hao huifungua sura ileile kwenye skrini na kuisahihisha pamoja, mstari kwa mstari.